Kidole cha Mwisho

Alikuja dirisha la tatu, ambalo ni langu,
Jumatatu ya kwanza baada ya mnada,
kitambulisho amekifunga ncha ya khanga
kwa fundo linalofunguliwa kwa meno tu.

"Akaunti yako imelala, mama."
"Hata mimi ningelala," akasema,
"ukinifungia humo misimu miwili bila kula."
Mlinzi akacheka. Mimi siruhusiwi.

Nikamwomba namba. Hakuisoma, aliitoa kichwani,
tarakimu ishirini kwa pigo la mtu anayetwanga.
Nane za mwanzo ni siku ya kuzaliwa:
sitini na moja, mwezi wa saba, tarehe mosi.
Nusu ya Newala imezaliwa mwezi wa saba, tarehe mosi.
Karani wa uandikishaji aliuliza, akajibiwa,
"Mwaka ule tulikula ming'oko mpaka msitu ukatuchoka,"
na fomu haikuwa na kisanduku cha ming'oko.

Nikabonyeza.
Swali letu likapanda waya, likaenda huko mbali
kwa wasiomjua, kumuuliza wao.
Duara likazunguka. Nje ukungu ulikuwa haujapanda.
Picha ikarudi: yeye, macho yameshtuliwa na mwanga,
na jina, Somoe Mnunduma.

Orodha ya chama cha msingi inasema Nnunduma.
Sisi huku N huimeza M na hakuna anayepaliwa.
Herufi hiyo moja, wiki iliyopita,
ilimtoa Kitangari hadi mahakamani
kuapa mbele ya muhuri kwamba yeye ni yeye.
Aliniwekea kiapo kaunta, kimekunjwa mara nne.
"Wewe ni yupi kati ya hawa?" ilinibidi kuuliza.
"Yule anayeitwa akaitika."

Sasa kidole.
Dole gumba la kulia: haisomeki.
Cha shahada: haisomeki.
Futa kwa khanga, mama. Bonyeza kidogo. Usibonyeze sana.
Haisomeki.
Nikavitazama. Miaka kumi na tisa ya kubangua,
mafuta ya ganda la korosho yamelamba mistari yote,
vimebaki vyeusi, laini, kama kitako cha sufuria
iliyosuguliwa na mtu mwenye hasira.
Mkono wa kulia ukaisha. Foleni ikakohoa.

Ninamjua. Hilo ndilo linaloniudhi.
Nilikuwa na miaka sita, mwiba wa samaki kooni,
mama yangu akipiga kelele uani,
na huyu akaruka ua, akaniingiza vidole mdomoni,
vidole hivi hivi, akautoa,
kisha akanizaba kibao kwa kumtia hofu.
Mfumo una sehemu ya namba, ya jina, ya picha, ya alama.
Hauna sehemu ya kuandika: aliniokoa.
Na ningeiandika, wangenifukuza kazi,
na labda wangekuwa sahihi. Kila mwizi ana mtu anayemjua.

Mkono wa kushoto. Gumba, hapana.
Shahada, hapana. Cha kati, hapana. Cha pete, hapana.
"Na hicho kidogo?"
Akakificha. "Hiki hakifai, mwanangu.
Mlango ulikibana ningali mtoto, kikapinda.
Hakishiki kisu. Hakijawahi kugusa korosho.
Mama mkwe alikiita mgeni."
"Kiweke tu."

Akakiweka kama mtu anayemtuma mtoto mjinga dukani.
Kioo kikawaka kijani.
*Imethibitishwa.*

Akakiinua usoni, kimepinda kama ndoano,
akakitazama kwa muda mrefu.
"Kumbe wewe," akakiambia, "ndiye mwenye nyumba.
Sisi wengine tulikuwa vibarua."

Nikampa noti. Akazihesabu mara mbili, polepole,
kwa vile tisa visivyojulikana na benki,
na cha kumi amekinyoosha pembeni,
hakishiki kitu.